Kondoo Mweupe Nyuma ya Kabureta Mpya

Wenzangu wa drafti, nimechoka kuulizwa kwa zamu. Tangu niliporudi Nyasho kwa basi, bila gari, kila mmoja wenu ana habari yake. Mmoja anasema nimegonga ng'ombe wa watu. Mwingine anasema gari nimeliuza nikalinywa. Wa tatu anasema shemeji Magesa ndiye aliyeniokoa, na hiyo najua imetoka wapi, maana Magesa ana mdomo na ana muda. Basi nimekaa nikaandika, msome, kisha mniache nicheze.

Dada yangu Nyanjura aliolewa Butiama, mnamfahamu. Wanawe wawili, Manyama na mdogo wake Mturi, walikuwa hawasalimiani tangu msiba wa baba yao, kisa mabati. Mturi aliezua mabati ya nyumba ya marehemu akaezekea ghala lake. Manyama akasema mdogo wake amemvua maiti kofia. Tangu siku hiyo mama yao alikuwa akipakua chakula mara mbili, kila mwana na saa yake, kama gereza lenye zamu.

Katika ukoo ule, ndugu wa tumbo moja wakifikia hatua ya kutokula pamoja, mjomba ndiye huleta kondoo. Awe mweupe bila doa, na atoke kwenye mifugo ya mjomba mwenyewe. Anachinjwa, ndugu wanakula sahani moja, na neno lile halitajwi tena. Mjomba asipofika, au kondoo akiwa na kasoro, wazee wanakwenda zao. Siku ilipangwa. Mturi anafanya kazi machimboni Geita na basi lake lilikuwa jioni ile ile. Akiondoka huwa harudi upesi. Na dada yangu miguu inavimba, pumzi imekuwa fupi, si mtu wa kumwambia angoje likizo nyingine.

Manyama alinipigia simu mapema. "Mjomba, kondoo wako si yuko kwa rafiki yako kule Manyamanyama, Bunda? Nitume bodaboda amchukue. Wewe panda basi, uje umekaa vizuri."

Nikakataa. Nilikuwa nimefunga kabureta mpya kwenye pikapu yangu na nilitaka nionekane nikiingia Butiama kwa gari langu. Hilo ndilo kosa la kwanza. Mengine yote ni watoto wake.

Musoma hadi Makutano

Kabureta ya zamani ilikuwa imelegea mhimili, ikivuta hewa pembeni. Muuza vipuri akanitolea nyingine, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikamuuliza ni ya gari gani. "Mzee, hii inaingia gari yoyote," akasema. Nguo inayomtosha kila mtu ni shuka. Hilo nalijua leo. Siku ile niliona ni bahati.

Niliifunga mwenyewe. Nilisoma fizikia hadi kidato cha nne, na tangu hapo nimekuwa nikidai heshima yake kwa watu wasionidai chochote. Tatizo lilikuwa mdomo wa kabureta, mpana kuliko wa zamani, kopo la chujio la hewa halikukaa. Sasa, sisi watu wa Musoma tukikosa dawa ya jambo lolote, tunatafuta kipande cha nyavu ya dagaa. Tunafunikia miche, tunachujia togwa, tunafukuzia kuku. Nikakata kipande, nikakikunja mara kadhaa ili wale wadudu wa ziwani wasiingie kwenye injini, nikakifunga juu ya mdomo wa kabureta kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikarudi nyuma kidogo nikaitazama kazi yangu. Nilijipenda.

Nikapita Mwigobero kumchukua Magesa, kaka wa mke wangu, aliyejialika mwenyewe. Asubuhi ile wadudu walikuwa wametoka ziwani kama wingu, wamefunika barabara, tukapita katikati yao kama tunapita kwenye uji. Nilimwambia Magesa, "Unaona faida ya nyavu?" Akasema anaona.

Hatujafika mbali gari likaanza kukohoa. Nikitazama kwenye kioo, Musoma haionekani, kuna moshi mweusi tu.

"Shemeji," Magesa akasema, "hili gari linapika nini huko nyuma?"

"Kabureta mpya. Inajizoeza."

"Inajizoeza kwa mafuta ya nani?"

Harufu ya petroli ikajaa ndani mpaka macho yakatoa machozi. Pale Makutano nikasimama tunywe chai, nikaona aibu kuzima injini mbele za watu halafu isiwake. Nikazima. Haikuwaka. Tulikunywa chai na chapati, tukaongeza maandazi, tukamsikiliza mama muuza chai akieleza jinsi mume wake naye alivyokuwaga na gari, zamani, kabla hajapata akili. Wapiga debe wakatusukuma. Mmoja alipovuta pumzi akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Babu, umebeba petroli au petroli ndiyo imekubeba?" Watu wakacheka. Likawaka kwa mlipuko, kuku wakakimbia.

Barabara ya Butiama inakatia pale pale. Ningekuwa sina kondoo wa kufuata Bunda, hadithi ingeishia hapo, na ingekuwa na heshima.

Bunda

Rafiki yangu mzee Kisiri wa Manyamanyama ananitunzia mifugo michache, kwa sababu Nyasho sina pa kuifugia. Anakunywa maziwa, ananipa habari za waliozaa na waliokufa. Hawafi isipokuwa wa kwangu. Kwenye simu nilimwambia, "Kesho nakuja kuchukua yule kondoo mweupe, ni kwa shughuli ya familia." Basi nikakuta ametandika mkeka, mkewe amechinja jogoo, na kondoo ameogeshwa kwa sabuni mpaka ukimtazama juani macho yanauma.

Kisiri akanivuta kando. "Umri wako na wangu ni mmoja, ndugu yangu. Sikatazi. Lakini mke wako wa kwanza umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kuhusu huyo mdogo."

Nilipoeleza kwamba sioi, ni wapwa zangu wanapatanishwa, alisikitika kwa muda mfupi, kisha akasema jogoo ameshakatwa na hatoki mtu kwenye zizi lake na mnyama bila kula. Tukala ugali wa muhogo na jogoo mgumu mwenye kinyongo. Magesa akaomba mchuzi mara ya pili na ya tatu, huku akimwambia mke wa Kisiri kwamba hata yeye alishaanza kunishuku. Jua likapanda. Mwenye haraka alikuwa mimi peke yangu.

Baada ya hapo gari halikukubali kuondoka. Kisiri akatuletea fundi wa mtaani kwake, Marwa, kijana mwenye mabega mapana na maneno mapana zaidi. Kabla hajafungua boneti alishatuambia magari aliyoyafufua, na mengine, kwa jinsi alivyosimulia, yalikuwa yamezikwa.

Akafungua plagi moja, akanionyesha. Nyeusi, kavu, imejaa masizi kama sehemu ya chini ya chungu.

"Mafuta mengi, hewa kidogo," akasema. "Mzee, hii kabureta inakunywa kama mtu aliyeachiwa kaunta."

Akafungua bakuli la kabureta. Boya lilikuwa limekaa juu mno, kwa hiyo mafuta yalikuwa yanapanda na kumwagika ndani bila kuitwa. Akakunja ulimi wa boya, akapima kwa jicho, akakunja tena. Akasafisha plagi. Akazungusha skrubu ya silensa, ile ya mngurumo wa gari likiwa limesimama, huku amefumba macho, kama anasikiliza redio. Kisha akagonga nyavu yangu kwa bisibisi.

"Na hii ni nini, chandarua? Injini yako ina malaria?"

Magesa alicheka mpaka akakaa chini. Kisiri naye akacheka, na mkewe, na watu ambao sikuwajua walikuwa wametoka wapi. Nikapandwa na hasira ya kijinga, ile ya mtu aliyesoma kidogo.

"Hilo ni chujio. Nimelifunga mwenyewe. Usiliguse."

"Nilifungue tu nione ndani."

"Nimesema usiguse."

Marwa akainua mikono yote miwili. "Sawa. Mwenye gari ndiye daktari."

Akawasha. Moshi ulikuwa umepungua kweli, gari linanguruma taratibu. Nikamtazama kila aliyecheka, mmoja baada ya mwingine. Naomba mnielewe: alichokitengeneza Marwa alikitengeneza vizuri. Alichozuiwa kukitengeneza, alizuiwa na mimi.

Bunda hadi Nyamuswa

Tulimpakia kondoo nyuma. Jua lilikuwa kali, nikamwonea huruma, nikafunika bodi kwa turubai pande zote ili asiungue. Andikeni huruma hiyo pembeni. Bomba la moshi la gari lile lilikatika siku nyingi, linaishia chini ya bodi, na sakafu ya bodi ina kutu iliyotoboka sehemu tatu nne.

Kwenye tambarare tulikwenda vizuri, hata nikaanza kupiga mluzi. Kilima cha kwanza, nilipokanyaga mafuta, gari likashikwa na pumu. Ukiachia linapona, ukikanyaga linazama. Magesa akatoa kichwa dirishani, akakirudisha kikiwa na rangi nyingine.

"Shemeji, moshi umerudi."

"Uko nje au ndani?"

"Mimi niko ndani na nimeuona nje. Kondoo yuko nyuma, sijui yeye anaona nini."

"Kondoo amefunikwa."

"Ndiyo maana nimeuliza."

Sikusimama kumtazama. Niliogopa nikisimama kilimani halitawaka, na saa ya wazee ilikuwa inakaribia. Simu ikalia, ni Manyama. "Mjomba, uko wapi? Wazee wameshafika. Mturi amefunga begi." Nikamwambia niko karibu. Dakika chache baadaye ikalia tena, Mturi. "Mjomba, gari linasumbua?" Nikamwambia gari liko safi kabisa. Wote wawili walikuwa kwenye ua mmoja, na kila mmoja alinipigia kwa simu yake.

Nyamuswa injini ikazima yenyewe mbele ya vibanda. Nikashuka kutafuta maji ya kunywa na mtu wa kutusukuma. Niliporudi Magesa alikuwa anatoka nyuma ya gari, anajipangusa mikono.

"Kamba ya kondoo imekatika," akasema. "Ilikuwa ya katani, ameitafuna. Nimepapasa chini ya turubai nikamfunga miguu kwa kile kimpira chako."

"Kimpira gani?"

"Kile cha kwenye injini. Si kilikuwa kimekaa tu juu pale."

Nilimtukana. Sitaandika maneno yenyewe, mke wangu anasoma. Nikamwambia ameua gari, kwamba wadudu na vumbi vyote vya Bunda sasa vinaingia kwenye silinda, na kwamba ukoo wao ndivyo ulivyo. Kwa hasira nikaingia nikageuza ufunguo, nimwonyeshe alivyoua.

Gari likawaka mara moja. Nikakanyaga mafuta. Likaitikia. Nikakanyaga zaidi, likanguruma kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabureta ile iingie. Kwenye kioo niliona barabara, vibanda, na mama mmoja anakaanga samaki, vyote vina rangi zake.

"Unaona?" nikamwambia Magesa. "Boya limeshakaa."

Magesa alileta mkono wake mpaka dirishani, ameshika kitu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. "Na hii nguo yako niitupe, au kuna mahali pengine unataka kuifunga?"

Ilikuwa nyavu yangu. Haikuwa na tundu hata moja. Wadudu wa Mwigobero walikuwa wamegandamana na petroli iliyoruka kutoka kwenye kabureta, wakawa ugali mweusi, mzito, unaonuka. Injini ilikuwa inavuta hewa kupitia ugali huo. Ikikosa hewa, inakunywa mafuta. Mtoto wa darasa la sita angeelewa, isipokuwa kama angekuwa ameifunga yeye mwenyewe.

Ndipo tukakumbuka kondoo.

Nyamuswa hadi Butiama

Nilifungua turubai. Alikuwa amelala pale, mzima, anacheua, ananitazama bila kinyongo. Lakini alikuwa mweusi. Si kijivu, si madoadoa. Mweusi kama mkono wa mchoma mkaa, masizi yameshika mpaka kwenye kope.

"Kondoo wetu yuko wapi?" Magesa akauliza.

Tulichota maji bombani. Muuza samaki akatupa sabuni ya unga na maoni. Masizi ya petroli si vumbi. Tulivyozidi kusugua ndivyo yalivyozidi kuenea kwa usawa. Tulimtoa kwenye weusi, tukamfikisha kwenye rangi ya sufuria ya shule, tukakwama hapo. Muuza samaki akasema, "Mkimpeleka hivyo mseme ni wa kisasa."

Tukampakia akiwa amelowa, safari hii bila turubai, ili jua limkaushe. Sikufikiria vumbi. Njia yote hadi Butiama kila lori lililotupita lilimpaka poda nyekundu juu ya manyoya mabichi. Gari lilikwenda vizuri. Bado lilitoa moshi mwepesi nilipoongeza mwendo, lakini lilikwenda, na mimi nilitamani lizime. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa na injini nzima na sina cha kupeleka.

Magesa alinyamaza njia nzima. Akinyamaza Magesa, jueni hali ni mbaya.

Butiama

Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti uani. Manyama upande mmoja, Mturi upande mwingine na begi lake miguuni. Dada yangu alikuwa mlangoni kwenye kigoda, miguu ameinyoosha. Aliponiona alitabasamu, na sikuweza kumtazama.

Mzee Wandwi, mkubwa wa ukoo wa shemeji yangu marehemu, akaja mpaka kwenye gari kwa fimbo yake. "Karibu, mjomba. Kondoo yuko wapi?"

"Ni huyu, mzee."

Akamtazama. Akamzunguka. Akamsugua mgongoni kwa kidole gumba, akakiangalia kidole, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu si mweupe."

"Kwa ndani ni mweupe, mzee. Ni moshi tu."

"Kwa ndani wote ni weupe," akasema. "Hata mimi, mifupa." Akawageukia wenzake. "Hapa hakuna shughuli. Mtu haleti amani yenye masizi."

Wazee wakaanza kutafuta fimbo zao. Mturi akainama kushika begi. Dada yangu alikuwa anavuta khanga mabegani kama mtu aliyehisi baridi, na jua bado lilikuwa kali. Ningewaambia nini? Nikasema ukweli: nyavu, wadudu, turubai, jinsi nilivyomkataza fundi.

Manyama ndiye aliyeanza. "Mjomba, mimi si nilikupigia nikakwambia nitume bodaboda?"

"Ulinipigia."

"Ukasema nini?"

Mturi akainua kichwa. "Mimi nimempigia akiwa njiani, ameniambia gari liko safi kabisa."

"Na wewe amekudanganya?" Manyama akamuuliza. Hilo lilikuwa neno la kwanza alilomwambia mdogo wake tangu msiba. Nadhani wenyewe hawakuona.

"Kabisa, amesema. Safi kabisa."

"Huyu ndiye aliyetengeneza pampu ya mama."

"Ile iliyokuwa inarudisha maji kisimani?"

"Hiyo hiyo. Na redio ya mzee."

"Redio ya mzee ni yeye? Mimi siku zote nilijua ni wewe!"

"Mimi? Niliikuta imeshafunguliwa, imewekwa kwenye bakuli."

Mturi aliacha begi akaja kufungua boneti. Manyama akamfuata. Nikawaona migongo tu, miwili, bega kwa bega, vichwa ndani ya gari langu, na kila walichokigusa walikisomea mashtaka. "Tazama choki. Imekaa nusu, haifunguki yote." "Amefunga waya wa uzio!" "Shika hapa nikate." "Ngoja, utanikata mimi." "Jeti yenyewe ya kupitishia mafuta ni ya trekta hii." Nilijaribu kueleza sababu ya ule waya. Wakasema kwa pamoja, "Mjomba, kaa." Nikakaa. Magesa akaniletea kigoda, naye akaenda kuwashikia taa ya simu, na kuwaongezea ushahidi.

Hawakumaliza upesi. Waliamua gari litabaki pale mpaka wapate kabureta inayolifaa, na kwamba mimi nisipewe bisibisi tena na mtu yeyote wa ukoo ule. Mturi akapiga simu kusema atasafiri kesho. Mzee Wandwi alikuwa ameshasimama aondoke. Akawatazama muda mrefu, akarudi kwenye kiti chake. Akamwambia mtu amfungue yule kondoo akale majani.

Dada yangu aliingia ndani kwa kujishikia ukutani, akatoka na sinia moja: ugali na sato wa mchuzi. Akaliweka kwenye benchi karibu na gari. Wakanawa kwenye beseni moja, maji yakawa meusi, wakakaa kila mmoja upande wake wa sinia bado wanabishana juu ya ile pampu. Mturi akamega kichwa cha samaki akakisogeza upande wa kaka yake bila kumtazama.

Nilikuwa sijaonja kitu tangu jogoo wa Kisiri. Nikasogea. Dada yangu akanishika mkono.

"Kaka, una njaa?"

"Ninayo."

"Ngoja kwanza wamalize," akasema, macho yake yakiwa kwa wanawe.

Nikangoja.